Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutafuta Nguo za Zamani na Mavazi ya Wabunifu Wachangamfu Mwanza na Ukanda wa Ziwa

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri anayefika Mwanza au mji mwingine wa ukanda wa Ziwa Victoria, na kwa mwenyeji pia, anayependa nguo zilizoshonwa kwa ustadi na uchangamfu na angependa kujua zinapatikana wapi, zinatambuliwaje na zinatunzwaje. Maswali ni yale ambayo wasomaji na wageni wetu huyarudia zaidi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linadai maelezo. Mengine yanatosha kwa sentensi chache.

Mnaposema mavazi ya wabunifu wachangamfu, mnakusudia nguo za namna gani?

Tunakusudia nguo ambayo aliyeibuni alikuwa na jambo la kuchekesha au la kushtua kidogo, kisha akalitekeleza kwa ufundi wa hali ya juu. Vyote viwili vinahitajika: fulana yenye katuni iliyochapwa ovyo haitoshi, na suti iliyoshonwa vizuri lakini haina lolote la kusema haitoshi pia. Elsa Schiaparelli, Mwitaliano aliyefanya kazi Paris, alitoa mwaka 1937 gauni jeupe la hariri lenye mchoro wa kamba wa baharini, mkubwa na mwekundu, mbele ya sketi, mchoro uliobuniwa na mchoraji Salvador Dalí, na katika kipindi hichohicho wawili hao wakabuni kofia yenye umbo la kiatu cha kike kilichopinduliwa. Maija Isola wa Finland alichora maua makubwa ya Unikko kwa ajili ya kampuni ya Marimekko mwaka 1964, baada ya mwanzilishi wake, Armi Ratia, kutangaza kwamba kampuni hiyo haitachapa maua. Maua hayo yanachapwa hadi leo. Franco Moschino, aliyeanzisha kampuni yake mjini Milan mwaka 1983, alishona makoti yenye mkato wa heshima kabisa, kisha akayawekea maneno na mapambo ya kuikejeli biashara ya mitindo yenyewe.

Anayetugusa zaidi ni Patrick Kelly, mzaliwa wa Vicksburg, Mississippi, ambaye bibi yake alirekebisha nguo za familia kwa vifungo visivyofanana kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo. Kelly alilichukua wazo hilo hadi Paris, akavitapanya vifungo vya rangi zote juu ya magauni ya kubana mwili, na mwaka 1988 akawa Mmarekani wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wabunifu wa mavazi yaliyo tayari kuvaliwa wa jiji hilo. Alifariki tarehe 1 Januari 1990. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye kopo la vifungo kando ya cherehani anaielewa kazi yake bila kuelezwa.

Nguo huhesabiwa kuwa ya zamani ikifikisha umri gani?

Kwa desturi ya wafanyabiashara na wakusanyaji wengi, nguo inapotimiza miaka 20 huingia katika kundi hili, na ikipita miaka 100 huhesabiwa kuwa kitu cha kale. Hii ni desturi tu, wala si sheria. Nguo iliyochakaa ya mwaka 2003 haipati thamani kwa sababu ya kalenda peke yake.

Nikiwa Mwanza, nianzie wapi?

Anzia Mlango Mmoja. Ndilo soko ambalo wakazi wengi wa jiji hulitaja kwanza wanapoulizwa habari za mitumba, na utapata humo makoti, magauni, mashati, viatu na mikoba kwa wingi unaotosha siku nzima. Kutoka hapo unaweza kwenda Makoroboi, katikati ya mji, ambako biashara ya barabarani imechanganyika na kazi za mikono, ingawa wamachinga wa Mwanza wamehamishwa mara kadhaa na ni vyema kuulizia kwanza nani yuko wapi. Kirumba, Buzuruga na Igoma wana wauzaji wao pia.

Fika asubuhi. Belo la mitumba, ambalo aghalabu huwa na kilo 45 au zaidi kidogo, hufunguliwa mapema, na wenye maduka ya nguo za kuchagua pamoja na vijana wanaouza kupitia simu huwa wamekwisha kulizunguka kabla mikanda yake haijakatwa. Baada ya hapo nguo hupangwa kwa ngazi: zile za gredi ya kwanza hutundikwa kwenye henga, zinazofuata hulazwa mezani, na zilizobaki humwagwa juu ya turubai huku muuzaji akiita “buku buku” au “jero jero”, yaani shilingi elfu moja au mia tano kwa kila nguo.

Hapa kuna jambo ambalo tungependa kila msomaji alizingatie kuliko mengine yote ya ukurasa huu. Wachambuzi wa belo hupanga nguo kwa kuangalia kama itauzika haraka: rangi tulivu, saizi ya kawaida, jina linalofahamika mjini. Nguo ya ajabu haiuziki haraka. Shati lenye kola ya upande mmoja, sweta lenye dubu aliyefumwa kwa nyuzi za rangi sita, koti la mahameli lenye mikono ya kitambaa kingine, hizo huonekana kuwa na kasoro na hushuka ngazi hadi kwenye turubai. Kwa hiyo anayetafuta uchangamfu asitumie muda wake wote mbele ya henga. Ainame kwenye turubai, apitishe mkono taratibu, na ayaamini macho na vidole vyake kabla hajaliamini jina lililoandikwa shingoni.

Nizungumze vipi na wauzaji, na bei inapatanwa kiasi gani?

Salimu kwanza. Kwa aliyekuzidi umri sema “Shikamoo mama” au “Shikamoo baba”. Kwa wa rika lako “Habari za kazi, dada” au “kaka” inatosha. Na kwa kuwa wauzaji wengi ni Wasukuma, ukiamkia kwa “Mwangaluka” asubuhi utaona nyuso zikikunjuka. Baada ya salamu, tazama nguo kwa utulivu, uliza bei, na useme unachoweza kulipa bila kuidharau bidhaa. Kusema “hii ni kuukuu tu” mbele ya mtu aliyenunua belo kwa mtaji wa mkopo, asijue ndani yake mna nini, ni kukosa adabu, na hakushushi bei. Kununua nguo tatu au nne kwa muuzaji mmoja kunashusha.

Kwenye turubai la mnada bei imekwisha kutajwa na hakuna haja ya kupatana. Kwenye henga inapatanwa, na jibu la “bei ya mwisho” likirudiwa mara mbili kwa sauti ileile, basi ni ya mwisho kweli. Ukitaka kupiga picha ya banda au ya mtu, omba ruhusa kabla.

Wengine hutuuliza kama ni haki kununua kwa shilingi elfu moja nguo ambayo mnunuzi anajua ina thamani kubwa. Sisi tunaona kwamba anayejua anapaswa kuongeza kitu na kumweleza muuzaji alichokiona. Muuzaji akishajua kwamba koti la namna ile linatafutwa, safari ijayo atakuwekea pembeni na kukupigia simu, na maarifa hayo yatamfaa na kwa wateja wengine.

Nitajuaje umri wa nguo?

Lebo husema mengi, hata ndogo ya pembeni ambayo wengi hawaigusi. Tazama kwanza jina la nchi. Nguo iliyoandikwa kwamba imetengenezwa Ujerumani Magharibi ni ya kabla ya Ujerumani kuungana Oktoba 1990. Iliyoandikwa Czechoslovakia haiwezi kuvuka mwisho wa mwaka 1992, kwa kuwa nchi hiyo iligawanyika tarehe 1 Januari 1993. Na iliyoandikwa Umoja wa Kisovyeti ilishonwa kabla ya umoja huo kuvunjika mwaka 1991. Nguo za Marekani zina alama zaidi. Sheria iliyowataka watengenezaji wa huko wataje asilimia za nyuzi ilianza kutumika mwaka 1960, na kanuni ya kuwataka waeleze namna ya kufua ilianza Julai 1972, hivyo gauni la Kimarekani lenye lebo ya kampuni lakini lisilo na maelezo yoyote ya kufua huenda likawa la kabla ya hapo, mradi lebo hiyo haikukatwa. Ukiona kilebo chenye herufi ILGWU, hiyo ni alama ya chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake, ambacho kiliungana na chama kingine mwaka 1995. Toleo lenye rangi nyekundu, nyeupe na bluu lilianza mwaka 1974. Kwenye suruali za Levi's, kilebo chekundu cha mfuko wa nyuma kiliandikwa jina lote kwa herufi kubwa hadi mwaka 1971, kisha herufi ya E ikawa ndogo.

Baada ya lebo, geuza nguo ndani nje. Fulana nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zina mstari mmoja tu wa uzi kwenye pindo la mikono na la chini, wakati za baadaye zina mistari miwili. Gauni lenye zipu ya chuma mara nyingi ni la kabla ya nailoni kuenea katika miaka ya 1960. Kanuni hii haifai kwa jinzi, ambazo zinatumia zipu za chuma hadi leo. Mshono wenye akiba pana ya kitambaa ndani yake, kiasi cha kumwezesha fundi kuipanua nguo, unaonyesha kwamba aliyeshona alitarajia nguo hiyo idumu na kubadilika pamoja na mwili wa mvaaji. Angalia pia mfuko wa shati lenye maua au mitende: ikiwa mchoro wa mfuko umeungana na mchoro wa kifua kiasi kwamba huuoni mfuko mpaka uuguse, fundi alikata kitambaa cha ziada ili tu kuulinganisha, na viwanda vya haraka havikubali hasara hiyo.

Lebo imekatwa. Je, niiache?

Hapana. Tuliwahi kuona Mlango Mmoja koti fupi la sufu ya bluu lenye vifungo vinne ambavyo kila kimoja kilikuwa na umbo lake: kimoja mraba, kimoja duara dogo, kimoja kirefu na chembamba, na cha mwisho kikubwa. Lebo haikuwepo. Muuzaji alikuwa ameshusha bei kwa sababu aliamini kwamba vifungo vya asili vilipotea na mwenyewe wa kwanza akaokoteza vingine. Lakini matundu ya vifungo yalikuwa na urefu tofauti, kila tundu limekatwa na kudariziwa kwa kipimo cha kifungo chake, na bitana ya ndani ilikuwa na vitone vinne vya rangi za vifungo hivyohivyo. Hakuna mtu anayebadilisha matundu ya koti la sufu kwa sababu amepoteza kifungo. Mbunifu alikusudia hivyo tangu alipokuwa anachora. Jina lake halikujulikana, na koti lilikuwa zuri kwa kiwango kilekile.

Kwa hiyo, lebo ikikosekana, tafuta dalili kwamba jambo la ajabu lilipangwa: ulinganifu wa matundu, mchoro unaokutana kwenye mshono, bitana iliyochaguliwa kwa makusudi, mfuko wa siri uliokamilishwa vizuri kama wa nje.

Nitatofautishaje jina halisi na la bandia?

Majina yanayoigwa zaidi ni yale makubwa yanayojulikana na kila mtu, hivyo anayepita kwenye mitumba akitafuta ubunifu kuliko sifa ana hatari ndogo. Hata hivyo, soma herufi moja moja kwenye lebo, angalia kama imeshonwa kwa uzi unaofanana na wa nguo nzima au imebandikwa juu ya alama za lebo nyingine, na uvute zipu hadi mwisho wake. Vifungo vya chuma vyepesi kupita kiasi, nyuzi zinazoning'inia ndani, na bitana inayovuta nguo upande mmoja ni dalili mbaya. Muuzaji anaweza kuwa hajui, usimtuhumu.

Mbona saizi za nguo za zamani hazinienei?

Kwa sababu namba zimebadilika. Saizi 12 ya Marekani ya miaka ya 1960 ni ndogo kuliko saizi 12 ya sasa, na Italia, Uingereza na Japani kila moja ina hesabu yake. Achana na namba. Beba futi ya fundi mfukoni, ukiwa umeandika vipimo vyako vya mabega, kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mkono, na upime nguo ikiwa imelazwa. Mabega ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ni sehemu ngumu zaidi kurekebisha.

Simu inanisaidiaje nikiwa sokoni au nikiwa nyumbani?

Sokoni, piga picha ya lebo na uitafute kwa programu ya kutambua picha. Mara nyingi utapata nguo nyingine yenye lebo kama hiyo na kujua kampuni ilikuwa wapi na ilifanya kazi miaka gani. Chama cha Vintage Fashion Guild kina maktaba ya lebo mtandaoni, imepangwa kwa majina, nayo inasomwa bure.

Nyumbani, peruzi kwa subira katika eBay, Etsy au kurasa za Instagram za wauzaji wa Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Badala ya kutafuta kwa jina la mbunifu, ambalo huleta bei za juu na bidhaa bandia, tafuta kwa kueleza nguo yenyewe: sufu, vifungo vya maumbo, kola ya mawimbi, sweta lenye samaki. Tunashauri pia kutazama makusanyo ya nguo ya makumbusho kama Victoria and Albert ya London na Metropolitan ya New York, ambayo yamewekwa mtandaoni kwa picha kubwa. Jicho lililozoea kuona mshono wa Schiaparelli kwa karibu huwa na kasi zaidi kwenye turubai la Mlango Mmoja. Kwa muuzaji usiyemfahamu, omba picha ya ndani ya nguo, ya makwapa na ya pindo kabla ya kutuma pesa kwa simu.

Kanga na vitenge vya zamani vinahesabika humu?

Vinahesabika, na kwa maoni yetu ndivyo vya kwanza. Kanga imekuwa ikibeba utani, mafumbo na vijembe kwa zaidi ya karne, na hakuna mbunifu wa Milan aliyewahi kuandika juu ya nguo kwa ujasiri wa mwanamke aliyepita mlangoni kwa jirani amejifunga “Usisafirie nyota ya mwenzio”. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo alama yake ni “Mali ya Abdulla”, lilianza mwaka 1887, na kanga zake bado zinauzwa. Kwa upande wa Tanzania, kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na ukanda huu wa pamba ulikuwa na viwanda vyake, MWATEX hapa Mwanza na MUTEX Musoma. Pamba iliyolimwa na Wasukuma ilifumwa karibu na ilikovunwa, na kitambaa cha viwanda hivyo kikipatikana sandukuni kwa bibi yeyote kinastahili kutunzwa kwa heshima.

Ukitafuta kanga ya zamani, tazama pindo, mji na jina. Doti ambayo haijakatwa, vipande viwili bado vimeungana, ni adimu zaidi kuliko kipande kimoja. Pamba ya zamani ni nzito na laini kwa pamoja, na rangi yake imefifia sawasawa pande zote. Kitambaa cha kumbukumbu hutaja umri wake chenyewe: ukikutana na chenye tarehe ya uhuru wa 1961 au ya kuzaliwa kwa CCM Februari 1977, huhitaji uchunguzi mwingine zaidi ya kuangalia kama ni chapa ya wakati huo au ya maadhimisho ya baadaye.

Kwa kitenge cha nta, kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, huandika jina lake kwenye ukingo wa kitambaa. Ukingo huo huigwa, kwa hiyo geuza kitambaa: nta halisi ina rangi yenye nguvu ileile mbele na nyuma, na ndani ya rangi utaona mishipa na vipovu vidogo ambavyo havijirudii mahali pawili kwa namna ileile, kwa sababu vilitokana na nta kupasuka wakati wa kutiwa rangi.

Kanga hizi hazipatikani sana sokoni. Zipo majumbani, na njia ya kuzifikia ni mazungumzo, ugeni wa heshima na ridhaa ya mwenyewe. Bibi akikataa kuuza, omba akusimulie aliinunua lini na alimvalia nani.

Nikizunguka ziwa nitapata nini kingine?

Ukivuka kwenda Nansio, Ukerewe, masoko ni madogo lakini wauzaji wana muda wa kuzungumza. Kuelekea Sengerema na Geita safari imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Kisesa, karibu na Mwanza, kuna Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, ambako mavazi na mapambo ya ngoma yanaonekana mahali pake. Ni mahali pa kujifunza, si pa kununulia vitu vya kale.

Kwa anayefika Kampala, soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, ni kubwa kiasi cha kumchosha mtu, na Kisumu kuna Kibuye. Uganda ndiko pia kuliko na gomesi, vazi lenye mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto wa shingo na mshipi mpana kiunoni, ambalo asili yake hutajwa kuwa ni fundi wa Kigoa aitwaye Gomes aliyewashonea wasichana wa shule ya Gayaza mwaka 1905. Gomesi ya hariri ya miaka ya 1960 au 1970 ni mojawapo ya nguo za kupendeza zaidi zilizowahi kubuniwa katika ukanda huu. Kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, hupatikana huko kikiwa kipya, na Wahaya wa Kagera nao walikivaa zamani.

Fundi cherehani anaweza kurekebisha nguo ya mbunifu bila kuiharibu?

Anaweza, ukimweleza vizuri. Mafundi wa Mwanza wamezoea kupunguza na kubana mitumba kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo ya kuizuia. Mwombe asikate kitambaa cha ziada, bali akikunje ndani ili kazi iweze kurudishwa. Atumie uzi wa pamba kwenye nguo ya pamba. Na asipitishe ovaloki kwenye mshono uliomalizwa kwa mkono. Vifungo vya asili vikitolewa, viwekwe kwenye kikaratasi na kushonwa ndani ya bitana. Kazi ya namna hii ilipwe zaidi ya kupunguza suruali ya kawaida.

Nguo ina harufu ya belo, au ya dagaa waliokuwa banda la jirani. Nifanyeje?

Itundike kivulini penye upepo kwa siku kadhaa kabla ya kuigusa kwa maji. Upepo wa ziwa hufanya nusu ya kazi. Kisha jaribu rangi kwa kubonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye mshono wa ndani. Rangi isipotoka, pamba na poliesta zinaweza kulowekwa katika maji baridi yenye siki kidogo, zikafuliwa kwa sabuni laini na kuanikwa kivulini. Rayoni hulegea ikilowa na huweza kuruka, basi iinuliwe kwa kubebwa, isikamuliwe. Hariri na sufu zifuliwe kwa mkono kwa maji ya baridi tu, na koti lenye bitana na pedi za mabega lipelekwe kwa dobi anayesafisha bila maji.

Sufu ichunguzwe kwa nondo. Ukiona vitundu au vumbi jeupe, ifunge vizuri na uiweke kwenye friza kwa siku kadhaa ili mayai yafe, halafu uipige brashi juani.

Kama hujui kitambaa ni cha nini, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo na uuchome mbali na nguo: pamba hunuka karatasi, sufu na hariri hunuka nywele, na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kununua mitumba si kuendelea kuviua viwanda vyetu?

Swali hili ni zito, na tunaliheshimu. Biashara ya mitumba ilipanuka nchini kufuatia kulegezwa kwa masharti ya uagizaji katikati ya miaka ya 1980, wakati viwanda vya nguo vikiwa tayari vina shida za vipuri, umeme na mtaji, na mafuriko hayo ya nguo yakavidhoofisha zaidi. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia maslahi yao chini ya AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wa juu, na mwaka 2018 ikasimamishiwa msamaha wa kodi kwa nguo zake. Kwa upande mwingine, maelfu ya familia katika jiji hili zinakula na kusomesha kwa mitumba.

Msimamo wetu ni kwamba anayenunua nguo za zamani anunue chache, azivae miaka mingi, amlipe fundi wa hapa azirekebishe, na pesa ya nguo mpya aipeleke kwenye kanga, kitenge na mshono wa nyumbani. Nguo za ndani zilizotumika zimekatazwa na Shirika la Viwango Tanzania, na kwa sababu za kiafya tunakubaliana na katazo hilo bila shaka yoyote.

Kuna vitu nisivyopaswa kununua kabisa?

Ngozi ya chui, pembe za ndovu, ganda la kasa, na mkoba wa ngozi ya chatu au mamba usio na hati. Biashara ya kimataifa ya vitu hivyo inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, na umri wa mkoba hautakuokoa mpakani kama huna kibali.

Nifungashe vipi kwa safari?

Njoo na mfuko wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Nguo ya shanga isitundikwe, maana uzito wake unapasua mabega. Ikunjwe shanga zikiwa ndani, na karatasi laini isiyo na wino katikati. Koti lenye pedi ligeuzwe ndani nje na bega moja liingizwe ndani ya lingine. Anayesafiri kwa meli au boti kwenda Bukoba au Nansio aweke mzigo mbali na sakafu, na akifika afungue kila kitu siku hiyohiyo kipate hewa, kwa sababu unyevu wa ziwa ukifungiwa na sufu usiku mmoja tu huacha ukungu usiotoka kirahisi.